Ukuta Alioulamba Mtoto

Wiki ya kwanza ya ndoa yetu tuligombana kwa ajili ya chumvi. Nilipika mchuzi wa samaki wa nazi, nikauonja, nikaridhika, nikaandaa. Mume wangu akala tonge moja, akanyanyuka kimya kimya, akaenda jikoni na kurudi na kopo la chumvi. Mimi hasira zangu ziko karibu, mama yangu amenisema kwa hilo tangu utotoni, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia kama mapishi yangu hayamfai, kwao ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa, aende akapikiwe. Akacheka. Akasema, "Mama watoto, chakula kitamu, ila umesahau chumvi." Watoto wenyewe wakati huo hatukuwa na hata mmoja.

Anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hapa Kilwa. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, na wanaume wanashinda humo miguu mitupu wakikomba chumvi kwa reki za mbao na kuirundika. Jioni anarudi mweupe mpaka magotini, midomo imempasuka, nyusi zina unga. Baada ya miezi michache nikaacha kugombana. Nikawa naandaa chakula na kopo la chumvi pembeni, kama mwingine anavyoandaa na maji ya kunawa.

Nyumba tuliyoanzia maisha aliachiwa na babu yake. Ni ya mawe na udongo, kuta nene, ina ukumbi na vyumba viwili tu: chetu cha nyuma, na cha mbele nilikoweka cherehani yangu. Cha mbele kilikuwa kinavuja kona mbili. Chetu hakikuvuja, lakini ukuta wake wa nje ulikuwa umemomonyoka chini mpaka ukatoboka, na kuku mmoja wa jirani alizoea kupita pale tunduni na kutaga uvunguni mwa kitanda chetu. Mimi nilimhesabu kuwa riziki. Mama yangu alipokuja kutusalimia mara ya kwanza alimwona kuku akiingia ukutani kutoka nje, na hakuliongea hilo mpaka nilipopata ujauzito.

Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa karibu na mama yako, kwa hiyo nilikwenda kwa mama, Mchinga, kujifungulia huko. Tukapata binti. Nilikandwa, nilinyweshwa uji wa pilipili manga mpaka machozi, na mtoto akatimiza arobaini akiwa mnene na mwenye kelele. Nikaanza kufunga vitu vyangu. Mama akavifungua. Akamchukua mjukuu wake, akamweka mapajani, akamwambia, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako sisi haturudi kwenye nyumba ya kuku."

Hapo inabidi nieleze jambo moja. Mama na mume wangu hawaongei uso kwa uso. Si kwamba wamegombana. Ni heshima ya ukwe, na mama yangu ameishika kuliko watu wengi wa rika lake. Mkwe wake akiingia yeye anajifunika kanga usoni, na chumbani kwa binti yake aliyeolewa hatii mguu, hata nyumba iungue. Kabla ya mtoto walikuwa wanaongea kupitia kwangu, nami nilikuwa nachoka kubeba salamu za watu waliokaa chumba kimoja. Mtoto alipozaliwa kazi hiyo akapewa yeye.

Mume wangu alikuwa anakuja Mchinga kila alipopata nafasi. Alipoambiwa habari za kuku, kupitia kwa mtoto, aliinama akamwambia binti yake, "Mwanangu, mwambie bibi, baba anatengeneza." Akarudi Kilwa, akaanza.

Miezi ile hakuja tena Mchinga, na nilimkumbuka sana. Nilikuwa naomba anitumie picha yake kwenye simu, na yeye ananitumia picha ya ukuta. Ukuta una tundu. Ukuta umezibwa kwa mawe. Ukuta nusu umepigwa plasta. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alimwelekeza namna ya kushika mwiko na kuchanganya simenti, kisha akamwachia, na yeye akawa anafanya kazi hiyo peke yake kila jioni akitoka kwenye chumvi. Picha ya mwisho ilikuwa ya ukuta mzima, umenyooka, umepakwa chokaa, mweupe. Chini aliandika: njooni.

Mtoto alikuwa na miezi minne tuliporudi. Mume wangu alinishika mkono, mtoto mgongoni na fungu la nguo kichwani, akatupeleka chumbani moja kwa moja kabla hata sijakaa. Akapitisha kiganja ukutani, akaniambia nami nipitishe. Ulikuwa laini. Nikamsifia kwa moyo wangu wote, kwa sababu kweli ulikuwa mzuri na kwa sababu nilikuwa nimerudi kwangu.

Kisha akanyoosha mikono kumpokea mtoto, na mtoto akalia. Hakulia kidogo. Alilia kama amekabidhiwa kwa mtu mbaya, akajipinda, akanitafuta. Mume wangu akanirudishia haraka. Akasema, "Atanizoea," akajitia kuangalia dirisha.

Hakumzoea. Mimi nilidhani ni suala la siku chache, lakini mwezi ukaisha, na mtoto bado alikuwa akimwona baba yake anasogea, ananishika shingo. Mume wangu akawa anacheza naye kwa mbali. Alikaa mlangoni akipiga makofi, akiimba, akijifunika uso na kujifunua, na mtoto alicheka sana ilimradi baba abaki huko huko. Kuna siku nilimkuta amekaa na kanga yangu begani ili anuke kama mimi. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Masika yakaja, na ukuta ukaanza kutoka jasho. Kwanza nilidhani ni bati, nikaangalia juu, pakavu. Asubuhi ukuta ulikuwa na matone, kama kifuniko cha chungu cha wali. Nguo zilizotundikwa karibu nao zikawa na ukungu, godoro upande ule likawa zito. Mvua ikipumzika siku mbili, ukuta unakauka na kuota unga mweupe, chokaa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mume wangu anapangusa, anapaka chokaa upya, mvua inarudi, tunaanza tena.

Na mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha asubuhi, kisha kikawa cha mchana pia. Zahanati walimsikiliza kifua, wakampa dawa, wakanambia alale mahali pakavu. Nilitingisha kichwa nikasema nimeelewa. Nikarudi nikamlaza upande wa kitanda ulio mbali na ukuta, hatua mbili kutoka kwenye maji.

Nilimpigia mama simu kumwomba dua tu. Kesho yake alikuwa barazani kwetu na mkoba wake, ndoo ya mihogo, na mjukuu wake tayari mikononi. Mume wangu akatoka, akapiga goti mbali kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hilo tu ndilo walilokuwa wanaambiana moja kwa moja. Mama akamgeukia mtoto. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako, huko kwetu Mchinga kuta hazitoki jasho."

"Mwambie bibi, masika yakiisha utakauka."

"Mwambie baba yako, masika yakiisha kifua chako kitakuwa kimekwisha pia."

Alilala chumba cha mbele pamoja na cherehani na masufuria ya kukingia maji. Hakuwa na papara. Alichemsha, alikanda, alimpaka mtoto mafuta ya nazi kifuani, na kila siku jioni aliniuliza tunaondoka lini. Nilijua anachokisema ni haki. Nilijua pia nikienda Mchinga mara hii sitarudi upesi. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Angesimama akiwa huko, angetembea akiwa huko, na angerudi hapa akimwona baba yake kama muuza maji aliyekosea mlango. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na sikuweza kumwambia mama kwa sababu ukiliweka mbele ya kikohozi cha mtoto linaonekana jambo dogo.

Ikawa hivi. Tangu ajue kutambaa, binti yetu akishushwa chini chumbani anaelekea kulekule, kwenye ukuta wa plasta. Anaushika kwa viganja viwili, anatoa ulimi, anaulamba. Si mara moja. Anaulamba kama mbuzi, anapumzika, anaendelea. Nikimtoa analia na kurudi. Mama akiwa ukumbini, ng'ambo ya kizingiti, alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo ni wewe," akasema. "Mimba yake ulikula udongo wa watu mpaka nikaogopa utamaliza kichuguu. Sasa unamkataza nini?"

Nikacheka na mimi, maana ni kweli nilikula. Siku hiyo nikamwacha alambe kidogo. Halafu nikaona kitu kilichonishangaza. Ukuta wa pili wa chumba hicho hicho, ule wa ndani, umekandikwa udongo wa babu, udongo mwekundu unaonukia hasa mvua ikinyesha. Kama ni hamu ya udongo, basi udongo wenyewe ulikuwa pale. Nikambeba mtoto, nikamweka mbele yake. Akaunusa, akauonja kidogo, akageuka, akavuka chumba kizima kurudi kwenye plasta.

Nikapiga magoti kando ya mwanangu. Nikaangalia mlangoni kama mama hayupo, maana mtu mzima ana aibu zake. Nikaulamba ukuta.

Chumvi. Ilikuwa chumvi tupu, kali, ya kukunja uso.

Hasira zangu, kama nilivyosema, ziko karibu. Mume wangu alikuwa uani akizibua mfereji wa maji ya mvua. Mashamba ya chumvi hayakombwi wakati wa masika, kwa hiyo miezi ile alikuwa ghalani akijaza magunia nusu siku, halafu yuko nyumbani. Nikamwita. Nikamwambia aingie, afunge mlango, alambe ukuta.

"Nilambe nini?"

"Ukuta wako."

Alinitazama kama anayejiuliza amwite mama au asimwite. Akainama, akalamba. Akatafakari, akalamba tena.

"Mbona wa kawaida?"

"Kawaida! Umetupigia plasta ya mchanga wa baharini! Chumvi inavuta maji, ndiyo maana ukuta unatoka jasho. Mtoto anakohoa chumvi yako, na wewe unasema kawaida!"

"Siyo mchanga wa baharini," akasema. Hakupandisha sauti. "Niliuchota kule nyuma ya minazi, mbali na maji. Fundi aliniambia pale kuna mchanga mtamu na mwingine una chumvi, nisichote kabla ya kuonja. Nikaonja. Kila gunia niliuonja. Ulikuwa mtamu."

"Ulionja saa ngapi?"

"Jioni. Nikitoka kazini."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Nikaiangalia midomo yake, na mipasuko yake ambayo haiponi hata masika. Nikakumbuka kopo la chumvi pembeni ya kila sahani niliyomwandalia tangu tuoane. Siku nzima ndani ya chumvi, mikono, jasho, pumzi, halafu jioni anaweka mchanga kwenye ulimi ule na kuuliza kama una chumvi. Ningempa maji ya bahari angesema ni ya kisimani.

Yeye naye akafika pale pale nilipofika. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto aliyekuwa bado analamba.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemkohoza," akasema.

Hasira zote ziliniishia. Nilimwonea huruma, nikakaa karibu yake, nikamshika ule mkono mkavu wa chumvi. Nilitaka kumwambia kwamba kila gunia aliloonja alilionja kwa ajili yetu, lakini nikaanza kulia.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Mlango wetu ni wa mbao nyembamba na sauti yangu inajulikana. Tulipotoka alikuwa amesimama ukumbini, kanga usoni, mtoto nikampa.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, bila kejeli, "mwambie baba yako sijamkasirikia. Lakini kesho asubuhi tunaondoka."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, mwambie bibi, kesho asubuhi baba anavunja ukuta."

Asubuhi mkoba wa mama ulikuwa barazani, umefungwa. Mume wangu alikuwa ameshatoa kitanda, godoro, sanduku la nguo, kila kitu, na kuvipanga ukumbini. Akachukua nyundo na tindo, akaanza kuibandua plasta aliyoipiga kwa mikono yake. Ilikuwa imeshika vizuri. Nilisimama na mtoto mgongoni nikisikiliza, na kila pigo lilinitoboa, kwa sababu nilikuwa na picha zote za ukuta ule kwenye simu, hatua kwa hatua.

Mama alikaa barazani akisubiri basi. Basi likapita. Akanyanyuka, akaja mpaka kizingitini, akachungulia. Vumbi lilikuwa limemjaa mkwe wake mpaka hajulikani, na vipande vilikuwa vimemfika magotini. Mama akakiangalia chumba, kona hadi kona.

"Mjukuu wangu," akamwambia mtoto mgongoni kwangu, "chumba kisicho na kitanda ni cha mkwe au ni banda tu?"

Mtoto akatoa mate.

"Na mimi naona ni banda." Akajifunga kanga kiunoni, akachukua karai, akavuka kizingiti. Mume wangu aligeukia ukuta kwa heshima, akaendelea kugonga akiwa amempa mgongo, na mama akawa anazoa vipande nyuma yake na kuvitoa nje. Walifanya kazi hivyo mpaka adhuhuri, bila neno na bila kuangaliana.

Mama akaahirisha safari. Tulilala watatu chumba cha mbele, mimi, yeye na mtoto, kwenye kona isiyovuja. Alisema maji yanayovuja yanakingwa na sufuria, ukuta unaotoka jasho utaukinga na nini. Mume wangu akalala ukumbini kati ya kitanda kilichofunguliwa na sanduku. Lakini mama alitoa sharti lake, kupitia kwa mtoto kama siku zote: plasta mpya ikikauka na kubaki kavu, ataondoka peke yake. Ikitoka chumvi tena, ataondoka na mjukuu, na mama wa mjukuu atafuata maziwa yake.

Mawe yaliachwa wazi. Kila siku isiyo na mvua mume wangu aliyamwagia maji ya kisima, akayasugua, akayaacha yakauke, akayasugua tena. Masika yalipoanza kulegea alikodi guta la mizigo akaenda bara, kwenye mto, akarudi na mchanga mweusi kidogo, wenye majani. Hakuuonja. Aliuweka kwenye sahani, akaileta barazani, akapiga goti na kuisukuma mbele ya mama yangu kama anayeandaa chakula.

Mama akachukua chembe, akaweka ulimini, akafumba macho, akatema.

"Mwambie baba yako, mtamu."

Nami nikaonja, maana siwezi kukaa mbali na jambo. Ulikuwa na ladha ya majani na hakuna kingine. Mume wangu alituangalia wanawake wawili tunatema mchanga barazani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka.

Plasta ya pili haikunyooka kama ya kwanza. Ina tumbo upande wa dirisha, ukiangalia kwa jicho moja unaliona. Hakuipaka chokaa. Alisema ibaki hivyo hivyo tuione. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimeshapungua, kikaisha, na upepo wa kusi ulipoanza mashamba ya chumvi yakafunguliwa, mume wangu akarudi kwenye reki yake. Kitanda tulikiacha ukumbini bado. Tulikuwa tunasubiri ukuta useme.

Ni mama aliyeamua siku. Alasiri moja alikunja kanga zake, akaziweka kwenye mkoba, akaacha mkoba wazi. Akaenda chumbani, bado banda, akakaa chini akiuegemea ule ukuta wa udongo wa babu.

"Mlete," akaniambia.

Nilimshusha mtoto katikati ya chumba. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, hajaoga, mweupe mpaka magotini. Alipotuona akasimama, kisha akachuchumaa pale pale kizingitini, mbali, kama alivyozoea, asije akamliza. Binti yetu akatambaa moja kwa moja kwenye ukuta wake. Akaushika kwa viganja viwili, akatoa ulimi.

Akalamba. Akasita. Akalamba sehemu nyingine, juu kidogo. Akakunja uso, akaupiga ukuta kofi, akaketi kwa makalio na kutuangalia kama tumemuibia.

Mtoto akaanza kuangaza huku na huku, akanusa hewa. Akageuka. Nilinyoosha mikono nikidhani ananijia mimi, akanipita. Akatambaa mpaka kizingitini, akashika goti la baba yake, akajivuta, akasimama kwa miguu yake miwili kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaushika mkono wa baba yake na kuanza kuulamba.

Mume wangu hakutikisika. Machozi yalikuwa yanamtiririka na kuchora mistari kwenye ule unga wa usoni, na nadhani hakujua kama analia. Akaanza kuuvuta mkono taratibu. "Nina uchafu," akaninong'oneza, "ngoja nikaoge kwanza."

"Usiutoe, mwanangu," akasema mama yangu. Alimwambia yeye, moja kwa moja. Kanga ilikuwa mabegani, uso wazi. "Mwache. Amekujia mwenyewe."

"Haya, mama," akasema mume wangu.

Jioni ile tulirudisha kitanda. Kesho yake mama alipanda basi la Mchinga peke yake.